Duka la Mhindi: kwa nini wazee bado wanalitaja?

Kila tunapozungumzia mikopo ya dukani kwenye kipindi chetu, wazee hawakosi kulitaja duka la Mhindi. Wapo wanaolikumbuka kwa shukrani, wapo wanaolikumbuka kwa uchungu. Vijana nao huuliza: kwani duka hilo lilikuwa na nini? Tumeona tulieleze hapa.

Wafanyabiashara kutoka India, hasa Gujarat na Kutch, walikuwapo Zanzibar na pwani kabla ya ukoloni. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, safari ya bara ikawa rahisi. Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo, alifungua maduka mengi hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Shule moja ya sekondari Mombasa bado ina jina lake. Lakini wenye maduka wengi hawakuwa matajiri kama yeye. Ilikuwa familia moja: chumba cha mbele duka, cha nyuma nyumba.

Duka hilo halikuuza tu, lilinunua pia. Mkulima alileta ufuta, pamba au ngozi, vikapimwa, akalipwa, na papo hapo akachukua jembe, chumvi, mafuta ya taa au kanga. Barazani alikaa fundi cherehani. Bidhaa zilipimwa kidogo kidogo, hivyo hata mwenye senti chache hakurudi mikono mitupu.

Na kulikuwa na daftari la mkopo. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilibana mikopo kwa Waafrika: mwenye duka aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kudai deni lake mahakamani. Kwa hiyo mkopo wa sukari na chumvi ulisimama juu ya kujuana. Usipolipa, hakuna hakimu, ila hukopeshwi tena.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyomwumiza Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe, kwa sababu mtaji mkubwa hakuupata kwa mkopo. Hapo ndipo uchungu ulipoanzia. Wakulima walilalamikia pia mizani iliyochezewa, na bei ndogo kwa aliyekopa kabla ya kuvuna. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vya ushirika ili wapime na kuuza pamba yao wenyewe.

Basi thamani ya duka ilionekanaje? Ilionekana zaidi lilipofungwa. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka mengi yakagawiwa wanajeshi na watu wa karibu na serikali. Bidhaa zilizokuwamo ziliuzwa, lakini wengi wa waliopewa hawakujua zilikoagizwa, wala hawakuwa na wa kuwakopesha mzigo mwingine. Sukari, chumvi na sabuni vikaadimika. Tanzania nayo, mwaka 1976, ilianzisha Operesheni Maduka ili maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na ya ushirika yachukue nafasi. Bidhaa zikakosekana, na mpango huo ukasitishwa.

Tunajifunza kwamba kuta na rafu pekee hazifanyi duka. Duka ni kujua mzigo unapatikana wapi, nani anaweza kukopeshwa, na wanakijiji wanahitaji nini mwezi wa njaa. Ujuzi huo hauna kabila, na leo maduka mengi ya vijijini yako mikononi mwa majirani zetu wenyewe. Nao wanaumizwa na mambo yaleyale: deni lisilolipwa huua duka, na mizani ya uongo huua imani.

Kwa hiyo kama jina lako limo kwenye daftari la duka la jirani, kumbuka kwamba deni lako ndiyo mtaji wa mzigo wa wiki ijayo. Na wewe mwenye duka, wateja wanaiangalia mizani yako.