Ukungu wa Penisilini na Ugomvi wa Hataza

Mwezi Julai 1941, Howard Florey na Norman Heatley wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwasili Peoria, Marekani, wakiwa wamebeba ukungu wa Penicillium. Uingereza ilikuwa vitani, na viwanda vyake havikuweza kuzalisha penisilini kwa wingi. Huko Oxford ukungu ulioteshwa katika vyombo vya kauri vilivyobuniwa kwa mfano wa vyombo vya haja vya hospitalini, na dawa iliyopatikana ilikuwa kidogo mno.

Katika maabara ya Wizara ya Kilimo, Heatley alifanya kazi pamoja na Andrew Moyer. Moyer alishauri ukungu ulishwe maji mazito yanayobaki mahindi yanaporowekwa katika viwanda vya wanga. Maji hayo yalipatikana tele katika nchi ile ya mahindi. Alitumia pia sukari ya maziwa, ambayo ukungu huila polepole na hivyo huendelea kutoa penisilini kwa muda mrefu. Mavuno yakapanda takriban mara kumi. Heatley ndiye aliyeleta maarifa ya kuotesha ukungu huo na kupima nguvu ya dawa, lakini matokeo yalipochapishwa jina lake halikuonekana.

Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi kwa muda maalumu, nayo haitolewi kwa jambo lililokwisha kutangazwa. Fleming alikwisha kuieleza penisilini mwaka 1929, na kundi la Oxford mwaka 1940. Njia ya kuizalisha, hata hivyo, ilikuwa jambo jingine. Moyer aliiombea hataza mwaka 1945, akapewa Marekani mwaka 1948. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali, haki za Marekani zilikwenda kwa serikali. Lakini aliomba pia Uingereza, na hapo ndipo hasira ilipowaka.

Ernst Chain, mwenzake Florey, alikuwa amehimiza mapema kwamba Oxford ichukue hataza. Wakuu wa sayansi, Henry Dale na Edward Mellanby, walimkatalia, wakiona si uadilifu kufanya biashara kwa ugunduzi wa tiba. Nia yao ilikuwa njema, ila haikumzuia mwingine kuweka ua.

Kwa sheria ya mwaka 1948, Uingereza iliunda shirika la taifa la kulinda uvumbuzi wa watafiti wake. Ulipofika ukungu mwingine, ule ambao Giuseppe Brotzu aliupata penye mlango wa maji machafu huko Cagliari, Italia, dawa za sefalosporini zilizotokana nao zilipewa hataza mapema, na mapato yake yakawa makubwa.