Je, Wajua? Pilipili haimuwashi kuku

Kuku anaweza kumeza pilipili kichaa bila kutoa hata chozi. Ndege hawahisi muwasho wake kama sisi, kwa hiyo anayezungushia bustani ya mchicha pilipili ili kuwafukuza kuku anajisumbua. Wala kuwashibisha hakusaidii. Kuku huchakura hata pumba zikiwa zimejaa mbele yake, kwa kuwa asili yake ni kuku wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, aliyeishi kwa kupekua majani makavu ardhini. Tuta lililotifuliwa vizuri ndilo humvutia zaidi: ni sahani, na ni mahali pa kuogea vumbi ili kupunguza utitiri.

Watasema, lakini anakula viwavi na mchwa. Kweli, ila hachagui: nyungunyungu naye humezwa, na sukuma wiki hufuatia. Watasema pia kinyesi chake ni mbolea ya bure. Hiyo ni kweli nusunusu. Kuku hakojoi kando; ile sehemu nyeupe ya kinyesi ndiyo mkojo wenyewe, na kikiwa kibichi kina naitrojeni ya kutosha kuunguza miche. Tena huweza kubeba bakteria wa salmonela. Kiozeshwe miezi kadhaa kwanza. Basi suala si kuku au mboga, ni ratiba. Mavuno yakiisha, wafungulie wachakure mabuu na mbegu za magugu. Kabla ya kusia, warudishe bandani.