Safari ya Uwanda wa Makonde: Gari, Miguu na Baiskeli kutoka Ndanda hadi Newala

Msafiri anayetoka Lindi au Mtwara kwenda Masasi hupita Mingoyo, kisha huingia katika bonde la mto Lukuledi. Upande wake wa kushoto husimama ukuta mrefu wa kijani, ambao kilele chake kimenyooka kana kwamba kimepimwa kwa uzi. Huo ni ukingo wa kaskazini wa uwanda wa juu wa Makonde. Ukingo wake wa magharibi uko Newala, na chini yake hutandaza bonde la mto Ruvuma hadi Msumbiji.

Nchi hii yafaa sana kwa safari ya siku nne au tano yenye kuchanganya gari, miguu na baiskeli. Milima yake si mirefu kiasi cha kuwatisha watu wa kawaida, wala haihitaji kamba na vyuma vya kupandia. Hata hivyo miteremko yake ni mikali, jua lake ni kali, na maji huadimika juu ya uwanda. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua afya ya wakazi wake tangu zamani, na ndiyo yatakayoamua iwapo mgeni atarudi nyumbani akiwa na nguvu zaidi au akiwa mgonjwa.

Kwa gari: chini ya ukuta

Wakati mwafaka wa safari ni baada ya mvua za masika kukatika, yaani kuanzia Juni. Mvua za kusini hunyesha katika msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na barabara za udongo huharibika wakati huo. Juni hadi Agosti hali ya hewa huwa na ubaridi wa kupendeza asubuhi. Kuanzia Oktoba joto huongezeka, nayo mikorosho huwa imejaa mabibo mekundu na ya manjano.

Kituo cha kwanza ni Ndanda, mguuni pa uwanda. Wamisionari wa Kibenediktini walianzisha makao yao hapa mwaka 1906, baada ya Vita vya Maji Maji, na hospitali yao imekuwa tegemeo la wagonjwa wa mikoa ya kusini kwa vizazi kadhaa. Mgeni atashangaa kuona chemchemi na miti mingi ya kivuli mahali hapa, ilhali juu ya uwanda hakuna kijito. Sababu ni udongo. Sehemu ya juu imefunikwa na mchanga na mawe laini yanayonyonya mvua kama sifongo. Maji huzama chini kabisa, kisha hutokeza kwenye miguu ya mteremko. Kwa hiyo anayeishi juu hukaa juu ya maji asiyoweza kuyafikia.

Dereva na apumzike kila baada ya saa mbili. Abiria nao washuke, watembee na kukunjua magoti, kwa maana kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huweza kusababisha damu kuganda katika mishipa ya miguu. Walio katika hatari zaidi ni wajawazito, wazee, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Mwenye kutumia insulini asiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto huiharibu dawa hiyo.

Kwa miguu: mawe ya Masasi

Takriban kilomita 40 baada ya Ndanda, ardhi hufunguka na milima ya mawe matupu huchomoza ghafla kutoka katika tambarare, kila mmoja peke yake, kama visiwa baharini. Mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyeipima nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyeipa milima ya namna hii jina lenye maana ya kisiwa cha mlima, katika kitabu chake cha mwaka 1900. Hadi leo wanajiolojia duniani huita vilima vya mawe vyenye umbo la kuba kwa jina lake.

Chini ya milima hiyo, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alifika kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga makazi mapya. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa, na kazi ya misheni ikahamishiwa Newala, juu ya uwanda, mahali palipokuwa rahisi kujilinda. Anayepanda kilima cha Mtandi au Mkomaindo asubuhi na mapema ataiona njia hiyo yote kwa jicho moja: mji chini yake, na mstari wa buluu wa uwanda upande wa mashariki.

Kabla ya kupanda, ni heshima na ni usalama kutoa taarifa kwa uongozi wa mtaa na kuomba mwenyeji wa kuongoza njia. Kupanda kuanze alfajiri na kumalizike kabla ya saa nne, kwa sababu jiwe tupu hukusanya joto na kulirudisha mwilini. Viatu vifunike kifundo cha mguu. Akitokea nyoka akamuuma mtu, asichanje jeraha, asifunge kamba kwa kukaza, wala asinyonye sumu. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa kufungwa kijiti, pete na saa zivuliwe, na mgonjwa abebwe mara moja hadi hospitali.

Kipimo rahisi cha nguvu za mtu ni ulimi wake. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, anatumia nguvu za wastani. Asiyeweza kumaliza sentensi amezidisha, na apunguze mwendo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ni amri ya kusimama na kushuka, wala si jambo la kujikaza.

Newala: bei ya mwinuko

Barabara ya Masasi hadi Newala hukata tambarare, kisha hujikunja na kupanda ukingo. Ni sehemu ya barabara ya kilomita 210 iunganishayo Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi, ambayo imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu. Juu kabisa hewa hubadilika na upepo huvuma.

Kwa nini watu waliamua kuishi huku, mbali na maji? Wamakonde wana simulizi ya kale kuhusu mtu aliyechonga sanamu ya mwanamke, ikageuka kuwa mke wake. Waliishi karibu na maji, na mtoto wao akafa. Wakahama, na walipofika juu ya uwanda mtoto akazaliwa akaishi. Ndipo wazee wakausia vizazi vyao wakae mwinukoni na kuyaepuka mabonde, kwa sababu mabondeni kuna maradhi. Mtaalamu Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika kwa kirefu jinsi maji yalivyokuwa mbali na vijiji.

Mhudumu wa afya wa leo ataona busara katika usia huo. Mabondeni ndiko kwenye maji yaliyotuama, mbu wa malaria na konokono wa kichocho. Lakini mwinuko nao ulidai bei yake. Maji yaliyopandishwa kwa kichwa hayamwagwi, bali huhifadhiwa nyumbani, mtungini na pipani, kwa siku nyingi.

Mwaka 1952 na 1953 uwanda huu ulikumbwa na homa iliyowaangusha watu ghafla, kijiji baada ya kijiji, kwa maumivu makali ya viungo. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake. W. H. R. Lumsden alichunguza jinsi ulivyoenea, na maandiko yao yalichapishwa mwaka 1955. R. W. Ross naye aliitenga virusi ya ugonjwa huo kutoka katika damu ya mgonjwa. Ilibainika kwamba mbu wa aina ya Aedes walikuwa wakizaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani. Jina la ugonjwa, chikungunya, latokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa alivyopinda kwa maumivu. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu, ukavuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, na baadaye ukafika Amerika. Neno la Newala likawa neno la dunia nzima.

Mbu huyo huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Msafiri avae mikono mirefu na apake dawa ya kufukuza mbu hata jua likiwa limechomoza. Dalili huanza, kwa kawaida, siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa: homa ya ghafla, maumivu ya viungo, pengine vipele. Hakuna dawa mahususi ya kuua virusi hiyo. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji ya kutosha na kutumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe mpaka homa ya dengue iondolewe shaka, kwa kuwa dawa hizo huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Malaria nayo ipimwe kila mara, kwa maana magonjwa haya hufanana siku za mwanzo.

Kwa baiskeli: chini ya mikorosho

Juu ya uwanda, barabara ya kuelekea Tandahimba ina mabonde madogo na nafasi ndefu za tambarare, hivyo baiskeli huenda vizuri. Mgeni hatakuwa peke yake. Atapishana na vijana waliofunga madumu ya lita 20 kwenye keria, wakisukuma baiskeli mlimani kwa mikono. Mradi wa maji wa Makonde, unaopandisha maji kwa pampu kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema, umepunguza mzigo huo, ila pampu ikisimama madumu hurudi barabarani.

Mwendesha baiskeli ahakikishe breki zote mbili zinashika, na avae kofia ngumu. Mchanga laini huibia gurudumu la mbele. Apitapo hapo, apunguze kasi kabla ya kuingia, asikate kona ghafla. Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga. Vumbi lake huwasha macho na kubana kifua, kwa hiyo mwenye pumu apite mapema asubuhi kabla kazi haijaanza, afunike pua na mdomo, na pampu yake ya dawa iwe mfukoni wala si ndani ya begi.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba misuli inayofanya kazi hula sukari ya damu. Apime kabla ya kuondoka, ale, na abebe sukari au juisi. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho baridi au kuchanganyikiwa, asimame na kunywa kitu kitamu papo hapo. Mwenye seli mundu anywe maji mara kwa mara na asifike kiwango cha kuhema, kwani ukavu wa mwili na uchovu huweza kuamsha maumivu. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa aanze kliniki kabla ya kuanza safari.

Shimo la Mungu

Pembezoni mwa mji wa Newala ardhi hukatika. Wenyeji hupaita Shimo la Mungu: korongo kubwa, na ng'ambo yake bonde la Ruvuma lililofifia kwa ukungu. Wengi hutazama na kupiga picha. Wachache hushuka kwa miguu, nao hugundua ugumu wa mahali hapa, kwamba safari huanza kwa kuteremka na kumalizika kwa kupanda, wakati nguvu zimekwisha na jua limepanda.

Kanuni njema ni ya theluthi: theluthi moja ya maji na nguvu itumike kushuka, moja kupanda, na moja ibaki akiba. Kuteremka huumiza goti kuliko kupanda, kwa kuwa paja hubeba uzito wote likiwa linanyooka. Hatua ziwe fupi, goti lisifungwe, na fimbo itangulie. Mwenye baridi yabisi atosheke na ukingoni. Mandhari ya pale haipungui kitu.

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Siku nne za safari hii hutimiza kiwango hicho bila shida, lakini mwili usiozoea hauwezi kukipokea kwa mkupuo. Anayepanga kusafiri na aanze kutembea nusu saa kwa siku, wiki sita kabla.

Kwa mwananchi wa uwanda, mteremko huo huo ni njia ya kisima, ya shamba na ya zahanati. Mama mjamzito anayeambiwa arudi kliniki baada ya wiki mbili huenda anahesabu vilima, si siku. Mzee anayelalamika magoti pengine bado anabeba maji. Familia yenye homa ya mara kwa mara yaweza kuwa na pipa lisilo na kifuniko. Maswali mawili, yasiyogharimu chochote, yafaa kuandikwa katika faili la kila mgonjwa wa nchi hii: umefikaje hapa, na maji ya nyumbani yanatoka wapi? Mtumishi aliyepanda kutoka bondeni kwa miguu yake mwenyewe, walau mara moja, hatasahau kuyauliza.