Vipande vya chuma vinavyofungulia mwanga njia

Mwanga unaenda mbio kupita kitu chochote: karibu kilometa 300.000 kwa segonde moja. Lakini mwaka 1999, huko Cambridge nchini Marekani, mwanasayansi Lene Hau na wenzake waliupunguza mbio mpaka mita 17 kwa segonde. Ni karibu kilometa 60 kwa saa, mwendo wa pikipiki kwenye barabara nzuri.

Walifanya namna gani? Walitumia gazi ya sodiamu iliyopozwa mpaka karibu na digrii 273 chini ya sifuri, pale baridi haiwezi tena kuzidi. Kwa kawaida gazi hiyo inameza mwanga wa rangi fulani. Wao wakawasha mwanga wa pili wa leza, na gazi ikawa kama dirisha: ule mwanga wa kwanza ukapita, tena polepole.

Shida ni kwamba baridi ya namna hiyo inadai mitambo mikubwa. Ndipo wengine wakajiuliza: kazi ile ya atomu, vipande vya chuma haviwezi kuifanya?

Mawe mawili kwenye kamba

Mtu akitaka kuelewa, afunge jiwe kwenye kamba, halafu chini yake afunge kamba ingine na jiwe la pili. Ashike juu, atikise mkono. Kuna mwendo mmoja tu wa mkono ambapo jiwe la juu linatulia na la chini ndilo linacheza. Sababu yake: mkono unalivuta la juu upande mmoja, jiwe la chini linalivuta upande mwingine, nguvu zinafutana.

Mwaka 2009, huko Stuttgart, Ujerumani, watafiti walijenga jambo hilo kwa dhahabu: fito ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita, moja juu, mbili chini yake. Ile ya juu inashika mwanga sawa antena ya redio. Za chini hazishikwi na mwanga moja kwa moja, zinatikiswa na jirani yao. Mwanga ukifika na masafa (frekansi) yanayozifaa, zinamrudishia jirani nguvu kinyume, naye anatulia. Antena iliyotulia haimezi mwanga, wala haiurudishi nyuma. Basi mwanga unapita.

Mwaka mmoja mbele, watu wa Southampton, Uingereza, walikuwa wameonyesha jambo la kufanana kwa mawimbi ya familia ya simu na Wi-Fi, kwa mistari ya chuma iliyopindwa kama magamba ya samaki. Hapo hapakuhitajika baridi. Kinachofanya kazi zaidi ni umbo na mpangilio. Vitu vilivyopangwa hivyo vinaitwa metamateria.

Faida na mpaka wake

Dirisha hilo ni jembamba sana. Kitu kidogo kikigusa fito, linahama. Ndiyo maana lilijaribiwa kupima glukosi, ile sukari, ndani ya maji.

Lakini chuma kinakula sehemu ya mwanga na kuigeuza joto, hata dhahabu. Dirisha linafifia, na mwanga haupunguzwi mbio kama ndani ya gazi ya baridi. Kwa hiyo wengine wameacha chuma na kushika silikoni, ile ya ndani ya simu, kwa sababu inapoteza kidogo.

Na hii si dawa ya kufanya kitu kisionekane. Nje ya masafa yale machache, ukuta unabaki ukuta.