Alama ya Chaki na Siri ya Msafiri

Mwaka 1892 serikali ya Marekani ilifungua kituo cha wahamiaji katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Hadi kilipofungwa mwaka 1954, watu wapatao milioni 12 walikuwa wamepita hapo. Walipopanda ngazi, waganga waliwatazama: nani anahema, nani anachechemea. Aliyetiliwa shaka aliandikwa herufi kwa chaki juu ya nguo yake: H kwa moyo, L kwa kuchechemea, E kwa macho, X kwa akili. Kope zilipinduliwa, pengine kwa kulabu ya kufungia vifungo vya viatu, ili kutafuta trakoma. Yasimuliwa kwamba baadhi yao waligeuza makoti nje ndani kuificha alama. Habari ya miili yao ilikuwa wazi kwa kila mtumishi wa ukumbi ule, ila wao wenyewe hawakuweza kuisoma.

Chaki imekwisha, uchunguzi haukwisha. Mtanzania au Mkenya anayeomba kuishi Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hutakiwa kwanza kuwa na cheti kwamba hana kifua kikuu. Hupigwa picha ya eksirei. Ni chombo cha ajabu, lakini kina mpaka wake: huonyesha kivuli tu, na kivuli hakisemi kama ni kovu la ugonjwa uliopona zamani au ni ugonjwa ulio hai. Kwa hiyo mwenye kivuli hutoa makohozi, nayo huoteshwa maabara. Baadhi ya bakteria wa utumboni hugawanyika kila dakika 20. Bakteria wa kifua kikuu, aliyegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, huchukua karibu siku nzima. Ndiyo maana jibu huchukua majuma, na mwanafunzi aliyepata nafasi ya chuo aweza kuikosa kwa ajili ya kovu.

Walakini sababu ya kipimo hicho yaeleweka, maana kifua kikuu huenea kwa hewa. Virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa kuketi pamoja. Hata hivyo Marekani iliwazuia wenye navyo kuingia tangu mwaka 1987 hadi Januari 2010. Nchi za Ghuba zingali zikiwapima wafanyakazi wageni, na anayekutwa navyo hunyimwa kibali au hurudishwa kwao.

Hapa daktari hutumikia mabwana wawili. Anayempima ni mtu aliyemlipa, lakini taarifa huenda kwa serikali ya kigeni. Mwombaji hutia sahihi kwamba ameridhia. Asiporidhia, hapati viza. Ridhaa ya namna hiyo ni nyembamba mno. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 yataka majibu ya kipimo cha virusi hivyo yawe siri, lakini sheria hiyo haivuki bahari pamoja na bahasha.

Lililo mikononi mwa mwombaji ni kuuliza, kabla ya kutia sahihi, anapimwa nini na nani atasoma majibu. Kisha aombe nakala, hasa ya picha ya kifua. Kovu lisilobadilika kati ya picha ya mwaka huu na ya miaka iliyopita humpa daktari ushahidi ambao picha moja peke yake haiwezi kuutoa.