Marekani: wazee wanaanguka, fomu hazisemi

Nchini Marekani, jamaa inayomtafutia mzee nyumba ya matunzo huangalia kwanza nyota. Serikali inazipa nyumba hizo, karibu 15,000, nyota moja hadi tano, na kila mtu anaweza kuzisoma kwenye intaneti. Lakini sehemu ya nyota hizo inatokana na majibu yanayoandikwa na nyumba zenyewe.

Mzee anapoingia, wauguzi wanajaza fomu ndefu juu yake: kumbukumbu yake ikoje, anatembea, ana vidonda vya kulala sana, ameanguka? Fomu hurudiwa angalau kila miezi mitatu. Sheria iliyoleta utaratibu huo ni ya mwaka wa 1987, na nia yake ilikuwa njema, yaani kujua mahitaji ya kila mmoja. Baadaye fomu hiyohiyo ikatumika kupanga malipo na nyota. Sasa kuandika ukweli kunaweza kuipunguzia nyumba nyota na wateja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua madai ya malipo ambayo hospitali zilipeleka kwa Medicare, bima ya serikali ya wazee, kati ya 2011 na 2015, wakayalinganisha na fomu. Walihesabu matukio 150,828 ya wazee kuanguka na kuumia vibaya wakiwa ndani ya nyumba hizo. Kwenye fomu, ni asilimia 57.5 tu yaliyoandikwa. Kwa wazee weupe ilikuwa asilimia 59, kwa wengine 46.4. Mtu amevunjika nyonga, hospitali imelipwa, lakini kwenye fomu hakuanguka!

Si lazima kila kosa liwe uongo. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na fomu nyingi mezani. Lakini dawa inajulikana. Idadi ya wafanyakazi nayo ilikuwa ikitajwa na nyumba zenyewe, hadi mwaka wa 2016 serikali ilipoanza kudai orodha za mishahara. Madai ya hospitali tayari yako mikononi mwake.

Jambo hili linawagusa Wakongomani pia. Mwaka wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka nchi yetu, na wapo wanaopata kazi katika nyumba hizo, kuwaogesha na kuwageuza wazee kitandani. Mara nyingi wasaidizi kama hao ndio wa kwanza kumkuta mzee sakafuni, ila sahihi kwenye fomu ni ya muuguzi.

Jamaa zilizo huko zijue kwamba mzee, au anayemwakilisha kisheria, ana haki ya kuomba na kusoma fomu yake.