Je, Asiye Hodari wa Hisabati Anaweza Kusoma Uchumi?

Kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kamati za parokia hupokea maombi ya kuwasaidia vijana wanaokwenda kidato cha tano. Swali moja hurudi mara kwa mara: kijana anataka kusoma Uchumi, lakini alama yake ya hisabati ni ndogo. Je, tumsaidie, au tumshauri achague masomo mengine? Ni kweli kwamba serikali ya Tanzania iliondoa ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake mwaka 2022, lakini nauli, sare na vifaa vya bweni bado vinahitaji fedha. Fedha hizo ni jasho la watu, na miaka miwili ya kijana hairudi. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili.

Hesabu zipi hutumika?

Uchumi wa sekondari kwa sehemu kubwa ni somo la kujenga hoja: kwa nini bei hupanda, benki kuu hufanya kazi gani, nchi hunufaikaje na biashara ya nje. Hata hivyo, hoja hizo husimama juu ya hesabu. Zinazotumika zaidi ni asilimia, uwiano, wastani, grafu na milinganyo rahisi. Karibu zote mwanafunzi amekwisha kufundishwa kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Tuchukue mfano wa sokoni. Ndoo ya nyanya imepanda kutoka shilingi 10,000 hadi 12,000, yaani asilimia 20. Ndoo zinazouzwa kwa siku zimepungua kutoka 50 hadi 45, yaani asilimia 10. Mwanafunzi hugawanya 10 kwa 20 na kupata 0.5. Kwa kuwa jibu ni chini ya 1, anatambua kwamba wanunuzi hawakupunguza sana manunuzi, na muuzaji anapokea 540,000 badala ya 500,000. Hesabu yenyewe ni fupi. Kazi kubwa ni kueleza maana yake.

Mfano mwingine ni mfumuko wa bei. Tukisikia umeshuka kutoka asilimia 5 hadi 3, wengi hudhani bei zimepungua. Sivyo. Bei bado zinapanda, ila kwa kasi ndogo zaidi. Asiyeielewa asilimia atakosea hapa, hata kama ni hodari wa kuandika insha.

Tahasusi hazilingani

Katika shule za Tanzania, Uchumi hupatikana katika tahasusi kadhaa. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati ya juu. Hii inamfaa anayeipenda hisabati kweli. HGE ni Historia, Jiografia na Uchumi, na tahasusi ya Uchumi, Biashara na Uhasibu imekuwa ikijulikana kama ECA. Wanafunzi wa HGE na ECA wamekuwa wakisoma hisabati nyepesi zaidi, ijulikanayo kama BAM. Kwa hiyo hakuna anayeikwepa hisabati kabisa, bali kiasi ndicho kinachotofautiana.

Chuo kikuu ni jambo jingine. Shahada ya uchumi hudai takwimu na hesabu za kalkulasi, na vyuo huangalia ufaulu wa hisabati wakati wa kudahili. Anayelenga huko afikirie hisabati tangu anapochagua tahasusi, na asome mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.

Hata hivyo, tusiwatishe vijana. Alfred Marshall wa Cambridge, Uingereza, alikuwa mwanahisabati kabla ya kuwa mwanauchumi. Lakini katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1890 aliweka hesabu mwishoni, kama nyongeza, ili hoja zenyewe zisomwe na watu wa kawaida. Hisabati ilimsaidia kufikiri. Haikuchukua nafasi ya kufikiri.

Kamati zifanye nini?

Kwanza, zisiamue kwa alama peke yake. Pengine kijana alisoma shule isiyo na mwalimu wa hisabati. Mpeni hesabu ya asilimia na grafu moja, kisha mwombeni aeleze anachokiona. Maelezo yake yatawaambia mengi.

Pili, mwulizeni anataka kufanya nini baada ya kidato cha sita. Ualimu, sheria, uhasibu na shahada ya uchumi havidai hisabati kwa kiasi kimoja.

Tatu, tumieni vizuri miezi iliyopo kati ya mtihani wa Novemba na kuanza kidato cha tano mwezi Julai. Mwalimu mmoja, ubao na darasa la jioni parokiani vyaweza kuziba mapengo mengi ya asilimia na milinganyo.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja: msaada usisubiri kidato cha tano. Pengo la hisabati huanza mapema, na kitabu au mwalimu wa ziada katika kidato cha kwanza na cha pili humfungulia mtoto milango ambayo ufadhili wa baadaye huikuta imekwisha kufungwa. Samaki mkunje angali mbichi.